Transfa inavuja: tafuta kwanza oili inakotokea, kujaza kuje baadae

Wengi wenye foo wili oili ya injini wanaicheki kila asubuhi, ya giaboksi wanaikumbuka siku ya sevisi, ila transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, mpaka ianze kulia ndo mtu anashtuka kumbe na yenyewe ina oili yake peke yake. Na ubaya ni kwamba inabeba oili kidogo sana, ile LT230 ya kwenye Land Rover Defender na Discovery za zamani ukimwaga ukajaza upya inakula kama lita 2.3 tu, NP231 iliyokuwa kwenye Jeep nyingi haifiki hata lita moja na nusu. Sasa piga hesabu, injini yenye lita saba ikipoteza nusu lita bado inaishi vizuri, ila transfa yenye lita moja na nusu ikipoteza nusu lita hapo theluthi nzima imeenda na gia za juu zimeanza kuzunguka kavu.

Msimamo wangu nauweka mapema, kujaza oili sio kutengeneza. Ujaze ndio, tena haraka, ila usipojua ilikotokea utakuwa unajaza kila mwezi mpaka mwezi utakaosahau, na huo mmoja unatosha kuunguza beringi.

Kabla hujalala chini ya gari

Hapa naomba usome polepole maana watu wanaumia. Land Rover nyingi zenye LT230 hendibreki yake haishiki tairi, inashika shafti ya nyuma ya transfa. Maana yake ukifungua propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, huna hendibreki tena, na ukiinua tairi moja la nyuma lile lililobaki chini linaweza kuzunguka kupitia difu japo umevuta hendibreki mpaka mwisho. Kitu kingine, transfa ikiwa nyutro gari inatembea hata kama giaboksi ya otomatiki umeiweka P, P inafunga giaboksi tu, transfa ishaachana nayo. Kwa hiyo weka vigingi mbele na nyuma ya tairi, tumia stendi za chuma, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Halafu gari ikae sawa. Ukiinua mbele tu oili inakimbilia nyuma, na kama tundu la kujazia liko nyuma utaona oili inamwagika ukasema imejaa kumbe haijajaa. Kama gari yako iko juu vya kutosha ingia chini bila kuinua kabisa, ndo vipimo vya ukweli vinapatikana.

Kupima levo

Transfa nyingi zina nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Fungua ya juu kwanza, siku zote. Mtu anafungua ya chini oili yote inamwagika, anaenda kwenye ya juu anakuta imeganda na kutu au kichwa kimelika, sasa gari haina oili na hana pa kuingizia. Ukishaona ya juu imefunguka ndo uguse ya chini kama unataka kubadilisha yote.

Levo sahihi kwa nyingi ni oili kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ingiza kidole, ukikikunja kuelekea chini ukagusa oili hapo hapo kwenye ukingo basi iko sawa. Usipoigusa imepungua. Ikimwagika yenyewe nyingi ukifungua, usifurahi, oili ikizidi kuna mawili, ama mtu alijaza gari ikiwa imeinama, ama oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa, hilo nitalirudia maana ndo linalowapoteza wengi.

Ukiwa hapo angalia na rangi. Oili kama chai ya maziwa ina maji ndani, hiyo usiongeze, mwaga yote. Nyeusi inayonuka kuungua imepata moto sana. Sumaku ya kwenye nati ya kumwagia kama ipo, ukikuta ute mweusi mwembamba kama grisi ni kawaida, ni vumbi la chuma la kusagana kwa gia, ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha basi kuna gia au beringi inakufa na kujaza oili hakutaiokoa.

Kuna doa chini lakini hujui ni la nini

Weka karatasi ngumu kubwa chini ya gari usiku, chora alama ya tairi zilipo ili ujue doa limeangukia usawa wa kitu gani. Asubuhi nusa. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ukishaijua huisahau. Ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu nyekundu na nyepesi, ila kumbuka kuna transfa nyingi zinatumia hiyo hiyo nyekundu kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na haina ile harufu ya kiberiti.

Na upepo unaichanganya hii kazi kweli kweli. Gari ikitembea oili inasukumwa nyuma, kwa hiyo sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pembeni ya shafti, ikivuja utakuta giaboksi imelowa, transfa imelowa, mpaka propela imelowa, na fundi mwenye haraka atakwambia transfa imekwisha. Wewe tafuta sehemu iliyolowa ambayo iko juu kuliko zote na mbele kuliko zote, hapo ndo penye chanzo au karibu nacho.

Kama pote pamejaa tope na grisi ya miaka usikisie, osha. Sabuni ya kuoshea injini na brashi, suuza ila usipige maji ya presha kwenye sili na kwenye kipumulio cha juu ya transfa, acha pakauke, halafu paka poda ile nyeupe ya watoto kuzunguka flenji, pale propela inapofungwa kwenye transfa, na maungio. Tembea kilomita kumi au ishirini urudi uangalie, poda iliyolowa inakuonyesha mstari wa oili kama umeuchora kwa kalamu. Njia ya bei rahisi na mimi naiamini kuliko macho ya mtu yeyote.

Na tofautisha jasho na kuvuja. Sili ya miaka mingi kuwa na unyevu kidogo wenye vumbi juu yake bila tone kudondoka ni jasho, pima levo mara kwa mara uendelee na maisha. Tone linalodondoka chini, hilo ni kazi.

Inavuja kwenye flenji, ya mbele au ya nyuma

Hapa watu wote wanasema sili, na mara nyingi ni kweli, mpira umekauka umekuwa mgumu kama plastiki. Ila kabla hujanunua sili nenda kaangalie kipumulio. Hiki ni kitundu au kibomba kidogo juu ya transfa kinachotoa hewa, maana oili ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na lazima itoke mahali. Kikiziba kwa tope presha inatafuta njia nyingine, na njia rahisi ni mdomo wa sili. Mimi nilishabadilisha sili ya nyuma mara mbili ndani ya muda mfupi, sili nzuri kabisa, imewekwa vizuri, na bado ikavuja, mpaka nilipovuta kile kibomba nikapuliza kwa mdomo hewa haiendi kabisa. Nikakisafisha na ile sili ya pili haijatoa tone tena. Iliniuma sana kwa kazi yote ile ya kulala chini, ndo maana nakusisitiza puliza kibomba kwanza, ni kazi ya dakika tano.

Kama kipumulio kiko safi, shika flenji kwa mkono itikise juu chini. Ikicheza beringi imechoka, na shafti inayocheza itakula sili yoyote mpya utakayoweka, hata uweke ya gharama gani. Beringi kwanza hapo.

Kitu cha tatu ni mfereji. Mdomo wa sili unasugua flenji sehemu ile ile miaka na miaka mpaka unachimba mstari. Pitisha ukucha, ukikwama basi sili mpya haitaziba. Kuna bushi nyembamba za chuma zinazovalishwa juu ya huo mfereji na kazi inakuwa kama mpya, au kama nyumba ya sili ina nafasi unaweza kuiweka sili mpya milimita moja au mbili nje kidogo ya ilipokuwa ili mdomo uguse sehemu isiyolika.

Na kuna hii ambayo hata mafundi wazuri wanaikosa, oili inatoka katikati kabisa, kwenye nati ya flenji, imepita kwenye meno ya shafti. Hiyo sio kosa la sili kubwa. LT230 ina kipande cha felti nyuma ya nati hiyo kwa kazi hiyo hiyo ya kuzuia, kikichakaa oili inachungulia hapo. Kwenye nyingine unapaka silikoni kidogo kwenye meno kabla ya kurudisha.

Kubadilisha sili yenyewe

Weka alama ya rangi kwenye propela na flenji kabla ya kufungua ili zirudi vile vile, usipofanya hivyo unaweza kuja kupata mtetemo ambao haukuwepo. Pima sili ya zamani imeingia kina gani kabla hujaing'oa. Ing'oe bila kuchana nyumba yake wala shafti, mkwaruzo mmoja wa bisibisi ni njia mpya ya oili. Mpya, upande wenye springi unaangalia ndani kwenye oili, jaza grisi kidogo kwenye ile springi isiruke ukigonga, paka grisi na mdomo, halafu igonge kwa soketi au bomba lenye upana sawa na sili, kidogo kidogo kuzunguka pande zote iingie sawa. Sili iliyoingia upande itavuja siku hiyo hiyo. Nati ya flenji kama ni ya kujifunga yenyewe weka mpya, na uikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari yako, hasa kama beringi za ndani ni zile za kukazwa kwa nati hiyo maana ukizidisha unaziua.

Inavuja kwingine

Sili ya fimbo ya kubadilishia, ile inayoingia pembeni au juu, inavuja pole pole na kushuka ubavuni, ukiangalia kwa chini utadhani ni gasketi. Oringi ya sensa ya spidi nayo ni ya bei ndogo na inasahaulika, kwenye magari ya zamani yenye waya wa spidi oili inaweza kupanda na waya mpaka kwenye dashibodi, ukiona saa ya spidi ina mafuta kwa ndani ujue imetokea huko chini. Kwenye LT230 tena kuna shafti ya katikati ambayo mbele yake ina oringi, ikichoka inavuja mbele ya boksi na watu wanabadilisha sili ya flenji ya mbele bure.

Nati za kujazia na kumwagia, badilisha washa zake kila ukifungua kama ni aina ya washa, ni kitu kidogo. Usikaze kwa hasira, boksi ni aluminiamu, nyingi zinataka Nm 25 hadi 40 tu, ukivua nyuzi za boksi tatizo la washa limekuwa la kutoboa na kuweka nyuzi mpya.

Maungio ya boksi ukiyafungua safisha mpaka yang'ae, silikoni iwe uzi mwembamba. Wale wanaopaka kama siagi kwenye mkate wanasahau kwamba ile inayobubujika nje inabubujika na ndani, ikikatika inaenda kuziba chujio la pampu kwa zile transfa zenye pampu ndani.

Na kuna ya ajabu, gari inavuja ikitembea tu, ikisimama kavu kabisa. Kwenye transfa kama NP246 iliyokuwa kwenye pikapu za GM pampu ya ndani inasugua boksi mpaka inatoboa kitundu kidogo upande wa nyuma, juu ya levo ya oili. Oili inarushwa nje ikizunguka, ukisimama haitoki. Sili zote utabadilisha na hutapata kitu. Epoksi ya chuma inaweza kukusogeza siku kadhaa, ila dawa yake ni kufungua boksi na kushughulikia pampu pamoja na hicho kitundu.

Transfa inazidi kujaa, giaboksi inapungua

Hii nilisema nitarudia. Katikati ya giaboksi na transfa kuna sili, ikichoka oili inahama kutoka boksi moja kwenda lingine na nje hakuna hata tone. Land Cruiser za zamani zinajulikana kwa hili. Mtu anaona giaboksi imepungua anaongeza, inapungua tena anaongeza, kumbe upande wa pili transfa imejaa mpaka shingoni, oili inatoa povu, inapata moto, na sili za flenji zinaanza kuvuja kwa kuzidiwa. Fundi anabadilisha sili za flenji. Mwezi unaofuata yale yale. Kwa hiyo sheria yangu ni moja, usipime transfa bila kupima na giaboksi siku hiyo hiyo, na andika kwenye karatasi. Moja ikipanda na nyingine ikishuka umeshapata jibu, na ndio, kazi yake ni kushusha transfa, hakuna njia ya mkato hapo.

Hendibreki imelegea ghafla, au kuna harufu ya kuungua

Kwa zile zenye dramu nyuma ya transfa, sili ya nyuma ikivuja inalowesha breki shuu na hendibreki inateleza. Kukaza waya hakusaidii. Sili ibadilishwe, dramu isafishwe, na shuu zilizonyonya oili zitupwe, usizichome moto ukarudisha. Harufu ya kuungua bila hendibreki kuwa na shida mara nyingi ni oili inayodondokea ekzosi, na hiyo usiichukulie poa maana ni hatari ya moto.

Inavuma, inagonga, au inakataa

Mvumo unaopanda na kushuka na spidi ya gari huku levo ikiwa chini, jaza kwanza usikilize. Ukipungua sana umewahi, usipobadilika beringi zimeshaumia. Mvumo unaobadilika ukikata kona angalia beringi za tairi kwanza. Mvumo unaobadilika kwa aina ya barabara ni tairi zenyewe.

Mlio mkubwa wa kugonga kwenye foo wili tu ukikanyaga mafuta, kwa transfa za cheni, ni cheni imelegea inaruka meno. Transfa inayokataa kutoka foo wili baada ya kutembea kwenye lami kavu mara nyingi haina shida ya oili kabisa, imejikaza yenyewe kwa sababu tairi za mbele na nyuma zinataka kuzunguka tofauti na hazina pa kuachia, rudi nyuma mita kadhaa kwa kunyoosha itaachia. Tairi za saizi tofauti zinaleta hilo hilo. Gari inayotetemeka ikikata kona kali, kwa zile transfa za klachi za kujiendesha zenyewe kama za BMW xDrive, hapo ndo uulize oili, imechakaa au mtu ameweka isiyo yake.

Maji ndani

Kama ulivuka mto na boksi likiwa la moto, likiingia kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta, kipumulio kikiwa chini linavuta maji. Mwaga, jaza, tembea kidogo, mwaga tena mpaka oili itoke na rangi yake, halafu refusha bomba la kipumulio lipande juu karibu na injini.

Oili gani

Ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na basi. Kuna zinazotumia oili ya gia ya uzito wa 75W-90, kuna zinazotumia ile nyekundu ya otomatiki, kuna zenye oili yake maalum kama Autotrak II ya GM ambayo ni ya bluu. Hizi transfa za klachi usijaribu kubahatisha hata kidogo. GL-4 na GL-5, yaani madaraja ya oili ya gia, nazo sio kitu kimoja hata kama namba za uzito zinafanana. Dawa za kuzuia kuvuja zinazochanganywa na oili zinalainisha mpira uliokauka kwa muda, sili iliyochanika hazifanyi lolote, na mimi siziweki.

Kujaza tumia sirinji kubwa au pampu ya mkono, au pitisha bomba refu kutoka juu mwenzako amimine wewe uko chini. Pole pole, oili ya gia ni nzito, isubiri itulie dakika chache ndo uongeze. Ikianza kutiririka kwenye tundu acha imalizike yenyewe, funga.

Ukikwama mbali na oili yake hamna, kwa transfa ya gia za kawaida oili ya gia nyingine inayofanana uzito ni bora kuliko kutembea kavu, ila ukifika mwaga yote weka yake. Na kama imekauka kabisa usikubali kuvutwa tairi zikiwa chini, hata ukiweka nyutro propela zinazungusha shafti za transfa, fungua propela zote mbili au pandisha gari juu ya lori.

Ukishamaliza kazi pima levo baada ya kilomita 100 hivi, halafu tena kwenye 1000, andika kiasi ulichoongeza. Ikiwa imeshuka na nje pote ni kavu, poda haijalowa, karatasi chini haina doa, fungua nati ya giaboksi uone oili imesimama wapi.